Ujira wa Mwenye Lori

Huko Marekani, dereva mwenye lori lake mwenyewe, anapotaka kujiunga na kampuni ya uchukuzi, huulizwa kwanza tajiriba yake, aghalabu mwaka mmoja au miwili ya kuendesha malori makubwa. Na sharti hilo, kwa kuwa roho za wasafiri zimo barabarani, naliona la insafu.

Ujira wake ndio unaonishughulisha. Hulipwa kwa maili au kwa fungu la nauli ya shehena, naye kwa mfuko wake hununua dizeli na matairi. Na akikaa ghalani saa mbili akingoja kupakuliwa, mara nyingi saa hizo hazihesabiwi kitu. Je, umri wa mja, ambao ni amana ya Mola, si mali? Kanuni za serikali ya huko zaagiza alipwe ndani ya siku 15 tangu awasilishe hati za kufikisha mzigo, ilhali Uislamu wahimiza mwajiriwa apewe haki yake kabla jasho halijamkauka. Mwanasheria atajibu kwamba huyu si mwajiriwa, bali ni mtu huru aliyeridhia mkataba. Nami nasema ridhaa ya mtu anayedaiwa kila mwezi fedha za lori lilelile ni ridhaa dhaifu, na kampuni ijuayo hivyo haina budi kumlipa hata saa za ghalani.