Kabla ya Jina

Somo: Mwanzo 1:24–25; 2:19–20

Wapendwa, hebu tujiulize swali moja wiki hii. Kitu ambacho hakuna mtu anakijua, hakina jina, hakina bei sokoni, je, kina thamani yoyote?

Mwaka wa 1964 na 1965 mtafiti mmoja, William Block, alikusanya udongo na majani yaliyooza hapa Nairobi. Ndani ya ule udongo mlikuwa na mbawakawa wadogo ajabu. Urefu wao haufiki hata milimita moja. Rangi yao ni ya manjano iliyopauka. Macho hawana. Mabawa pia hawana, ingawa sisi tunawaita mbawakawa. Wako katika jamii ya mbawakawa wadogo kuliko wote duniani, wanaoishi chini ya majani na kula chembe za ukungu.

Wadudu hao walifika kwenye jumba la makumbusho la historia ya asili kule London, wakakaa huko bila jina. Mwaka wa 2019 ndipo mtaalamu Michael Darby, alipokuwa akipitia wadudu waliohifadhiwa humo, akawaandika rasmi. Aliwaita Nelloptodes gretae, kwa heshima ya Greta Thunberg, msichana wa Uswidi anayetetea mazingira. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 50. Mtoto aliyezaliwa wakati mdudu huyo anachukuliwa, leo anaitwa babu.

Na si ati mtu anaamka tu asubuhi na kumpa mdudu jina. Mtaalamu huweka kale kamdudu chini ya hadubini, akapima kichwa, papasi, miguu, hata viungo vya ndani vya uzazi. Halafu anakalinganisha na wote wanaofanana naye waliokwisha kuandikwa, na mbawakawa walioandikwa duniani ni zaidi ya 350,000. Lazima aseme wazi huyu anatofautiana na wale wapi. Kisha mdudu mmoja anahifadhiwa kama shahidi, ili yeyote mwenye shaka aje ajionee mwenyewe. Na ikigundulika kwamba mtu mwingine alimpa jina mapema zaidi, kwa kawaida lile jina la kwanza ndilo husimama. Lako linaanguka, hata uwe na digrii ngapi.

Sasa turudi kwa swali letu. Hiyo miaka 50 na zaidi, yule mbawakawa alikuwa nani? Kuna watu wangesema hakuwa kitu, mpaka Darby alipoandika. Lakini soma Mwanzo kwa makini, uone mpangilio. Katika sura ya 1, mstari wa 25, Mungu anafanya wanyama na vyote vitambaavyo, anaona ni vyema. Mwanadamu bado hajaumbwa. Anakuja mstari wa 26. Jina linakuja baadaye kabisa, sura ya 2, Adamu anapoletewa wanyama aone atawaitaje. Kwa hivyo wema ulitangulia, jina likafuata. Adamu hakumpa simba thamani. Alikiri tu kwamba simba yuko mbele yake.

Najua mtu atauliza: mtumishi, watu wana njaa, karo haijalipwa, na wewe unatuhubiria habari ya dudu? Swali hilo ni la haki, na tusilikwepe. Hakuna anayesema mdudu ni sawa na mtoto wako. Yesu mwenyewe alisema sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini kumbuka alitangulia kusema kwamba hata shomoro mmoja hasahauliki mbele za Mungu (Luka 12:6–7). Hakutuinua kwa kuwatupa shomoro.

Tena tuangalie kipimo kilicho ndani ya swali hilo. Kinasema: kitu kina thamani kikinifaa mimi. Ukikubali kipimo hicho kwa mdudu, siku moja kitaingia nyumbani kwako. Nyanya aliyelala kitandani miaka mitatu, anamfaa nani? Mtoto aliyezaliwa na ulemavu, atapimwaje? Kipimo cha faida hakijui kusimama mlangoni.

Tumeshaona matunda yake hapa kwetu. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Karura walipokwenda kupanda mti, wakati ardhi ya msitu ilikuwa imegawiwa watu binafsi. Kwa waliogawana, ule ulikuwa uwanja mtupu unaongoja nyumba. Hakuna mtu aliyekuwa na orodha kamili ya viumbe vilivyo chini ya majani yale. Waliotetea msitu walitetea hata wale wasiowajua. Msitu ukifyekwa, kiumbe kisicho na jina hakina hata wa kukililia.

Na kuna watu tunaowatendea vivyo hivyo. Kumbuka Hajiri, Mwanzo sura ya 16. Sarai na Abramu wanaongea juu yake, na kila mara wanasema "mjakazi". Hawamtaji. Aliyemwita Hajiri kwa jina ni malaika wa Bwana, kule jangwani, karibu na chemchemi. Na huyo mwanamke ndiye aliyemwita Mungu kuwa ni Mungu aonaye.

Wapendwa, kwetu kuna "soja wa geti", kuna "mama nguo", kuna "yule kijana wa mjengo". Kazi yao tunaijua, jina hatujui, na wengine wametuhudumia miaka mitano. Thamani yao haitungoji sisi, ilikuwepo tangu mwanzo. Deni ni letu. Kama mtu anaweza kuinama juu ya hadubini kwa subira ili aseme ukweli kuhusu kamdudu kasikofika milimita moja, sisi tutashindwaje kusimama dakika mbili getini?

Ya kutenda wiki hii: Chagua mtu mmoja unayemwita kwa kazi yake. Muulize jina, na umwite kwa hilo jina. Katika ushirika wa nyumbani, jadilini: ni kipimo gani tunatumia tukisema mtu fulani "ni wa maana"?