WANASESERE WA KRISMASI KATIKA NYUMBA ZETU



Ufikapo mwezi wa Disemba, maduka ya Mombasa huwekwa mapambo ya Krismasi, na miongoni mwake wamo wanasesere waliovikwa nguo za fahari. Basi hutujia swali: Muislamu wa Kibokoni au wa Kuze akimnunua mmoja wao, akamsimamisha juu ya rafu sebuleni pamoja na taa za kumeta, kwa uzuri tu wala si kwa ibada, je, ana lawama?

Wako wajibuo upesi kuwa kila sanamu ni haramu. Jawabu hilo halitoshi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, akicheza nao pamoja na wasichana wenziwe nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Wasichana wale walipojificha kwa haya, Mtume aliwarudisha wakacheze naye. Na imepokewa pia kuwa Bibi Aisha alitundika pazia lenye picha, Mtume akachukizwa nalo. Likakatwa, likafanywa mito ya kuegemea.

Tuyazingatie mambo haya mawili. Mwanasesere alikuwa mkononi mwa mtoto, naye mtoto humvua, humwangusha, humvunja. Pazia lilitundikwa litazamwe. Lilipokuwa mto, halikuchukiza tena. Basi haliangaliwi umbo peke yake, bali na cheo tulipalo. Kwa hiyo wanazuoni wengi wakaruhusu wanasesere wa watoto, hali sanamu za kutukuzwa wamezikataza.

Sasa na tumtazame mwanasesere wa kukusanywa. Barbie alianza kuuzwa Marekani mwaka 1959, ili watoto wamchezee. Mwaka 1988 kampuni ya Mattel ikamtoa Barbie wa kwanza wa sikukuu, na baadaye wakafuata wengine, wakipendwa na wakusanyaji. Mkusanyaji humwacha ndani ya sanduku lake asije akapungua thamani, na mtoto wa nyumba akinyoosha mkono hukemewa. Ruhusa ilikuja kwa ajili ya mtoto, na mtoto ndiye anyimwaye.

Mtu atasema: Wazee wetu wa Mwambao nao walipanga vyombo vya Kichina katika zidaka, wala havikuliwa chakula. Ni kweli, na pambo si haramu. Lakini vyombo vile havikuwa alama ya sikukuu ya dini nyingine.

Wala hatuwalaumu majirani zetu Wakristo. Fransisko wa Assisi alipotengeneza hori la ng'ombe huko Greccio mwaka 1223, alitaka watu wakumbuke ufukara aliozaliwa nao Yesu, ambaye sisi twamwita Nabii Isa (A.S.). Mkristo apambapo nyumba yake ana maana yake. Sisi tukilitwaa pambo na kuiacha maana, hatukumheshimu yeye wala nafsi zetu. Jirani huheshimiwa kwa kujuliwa hali, kusaidiwa na kutoudhiwa.

Basi ewe mwenye nyumba, jiulize: kitu hiki ni cha nani? Ikiwa ni cha mtoto, mpe akichezee, hata kivunjike. Ikiwa si cha mtoto, wala si cha dini yako, jua kuwa kimewekwa kwa ajili ya macho ya wageni. Na fedha zake zina haki zaidi kwa yatima wa mtaa wako.

Wabillahi tawfiq.