Kumwita Ndege kwa Sauti Yake

Katika makala haya tunakusudia kujadili swali ambalo kwa juu juu lawahusu wawindaji tu, lakini likitazamwa kwa makini lawagusa pia wafundishao lugha. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki mtu kujifunza sauti ya kiumbe mwingine, akaijua barabara, kwa nia ya kumwita aje auawe? Hatuulizi kama ni halali kula nyama ya ndege. Kila anayenunua kuku wa sikukuu hapa Kampala, iwe Krismasi au Idi, amekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Sisi tunauliza juu ya sauti.

Huko Marekani ufundi huu umefikishwa mbali sana. Bata mzinga wa mwituni, aliye wa jamii moja na yule afugwaye, huwindwa majira ya machipuko, wakati madume wanapotafuta majike. Mwindaji hujificha kichakani akaiga mlio wa jike, ama kwa kijisanduku cha mbao kinachosuguliwa, ama kwa kipande chembamba cha mpira kiwekwacho kinywani. Wapo waliojifunza kazi hiyo kwa miaka mingi, wakatambua mlio wa jike aliyepotewa na wenzake, mlio wa jike aliyetulia akila, na ule wa alfajiri akiwa bado juu ya mti. Hata mashindano hufanywa. Kwa desturi ya ndege hao, dume ndiye aitaye na jike ndiye aendaye. Mwindaji huipindua desturi hiyo, akamfanya dume aende kwa jike asiyekuwapo. Tusidhani kwamba mtu wa namna hiyo hampendi ndege. Aghalabu anamjua na kumstahi kuliko msomi aliyemsoma vitabuni, na hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo.

Nasi katika Afrika ya Mashariki mambo haya si mageni kwetu. Magharibi ya Kenya, hasa pande za Siaya, tombo, ambao Wajaluo huwaita aluru, hunaswa kwa msaada wa tombo wenzao. Madume waliofungwa katika vikapu vidogo huning'inizwa kwenye mti mrefu uliosimikwa shambani, na kulipokucha wao huita. Walio huru husikia, wakaja, na majanini wanangojwa na vitanzi. Tunauona mtego huu kuwa wa ajabu kuliko ule wa Mmarekani. Yule wa Marekani anasema uwongo kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini tombo aliye kapuni hadanganyi hata kidogo. Anaita kweli, kwa hamu ya kweli, na maana ya wito wake ni ile ile aliyokuwa nayo alipokuwa huru. Wito ni wa kweli na mtego ni wa kweli. Basi uwongo uko wapi? Haumo katika sauti. Umo katika kikapu, yaani katika mpango wa yule aliyekiweka pale na ambaye hakutamka neno.

Wahenga wamesema kuwa ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Methali hiyo (na tunaipenda, tumeifundisha mara nyingi) humcheka ndege kwa ujanja wake, wala haimwulizi neno mwenye tundu.

Mwindaji atajitetea, na utetezi wake una nguvu. Atasema kuwa maumbile yenyewe yamejaa hila. Atatupa mfano wa mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda. Wataalamu waliomchunguza huko Kalahari wameeleza kuwa yeye hupiga ukelele wa hatari pasipo hatari yoyote, ndege na wanyama wengine wakakimbia, naye akala chakula walichokiacha. Huiga hata kelele za hatari za wale anaotaka kuwaibia. Basi kwa nini mwanadamu alaumiwe kwa jambo lisilolaumiwa kwa ndege?

Jibu letu ni kwamba mfano huo unamwumbua mwenye kuuleta. Mramba huyo huyo aghalabu hutoa ukelele wa kweli, na uwongo wake hufaa kwa sababu hiyo tu. Akirudia hila ile ile mara nyingi, wasikilizaji huacha kuitika, naye hulazimika kubadili sauti. Kwa hiyo mdanganyifu hali chakula peke yake. Anaila pia imani iliyojengwa na wasemao kweli. Tena iko tofauti nyingine. Chui amviziapo swala hutegemea ukimya wake mwenyewe na nguvu za miguu yake. Mwenye kuiga mlio hutegemea jambo jema lililomo ndani ya ndege, kama hamu ya kupata mwenzi, au ya kurudi kundini, au ya kumfuata mama. Hatudai kwamba risasi inauma zaidi baada ya wito. Tunadai kwamba pameharibiwa vitu viwili, ndege na maana ya wito wake, na mwindaji huhesabu kimoja tu.

Je, basi tuseme kuwa kujifunza sauti ya wengine ni kosa? Hasha. Yuko mlembe, ndege mdogo aongozaye watu kwenye mizinga ya nyuki. Kaskazini ya Kenya, Waborana humwita kwa mbinja. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walionyesha mwaka 1989 kuwa mtafuta asali katika nchi asiyoizoea alihitaji kwa wastani saa 8.9 kuupata mzinga akiwa peke yake, na saa 3.2 akiongozwa na ndege. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno, sauti waliyofundishwa na baba zao. Utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kuwa sauti hiyo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Miaka saba baadaye ikaonekana pia kuwa milembe wa nchi ya Wahadza, Tanzania, huitikia zaidi mbinja za Wahadza kuliko mlio wa Wayao, na wale wa Msumbiji kinyume chake. Kumbe ndege naye hujifunza lugha ya jirani zake! Hapa sauti haikukopwa ili mwenyewe anaswe nayo. Imefanywa mali ya pande mbili, mtu akapata asali na ndege akapata nta.

Msomaji atauliza haya yote yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili aliyeko Kampala. Yanamhusu sana, maana lugha yetu iliingia masikioni mwa wengi katika nchi hii kama mlio wa mwindaji. Kilikuwa lugha ya amri jeshini tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katika miaka ya utawala wake, 1971 hadi 1979, raia aliyesimamishwa usiku kwenye kizuizi cha barabara alisikia Kiswahili kabla ya kuona uso wa mtu. Wanyang'anyi wa silaha, walioitwa kondo, nao walikitumia. Maneno ni yale yale tunayoyaandika ubaoni kila Jumatatu: njoo, simama, ndugu. Na askari wengi walioyatamka walikuwa vijana waliotolewa vijijini na kufundishwa lugha hiyo kambini, ili wengine waitwe kwayo. Hatusemi hivyo ili kuwatakasa. Tombo wa kapuni hana mkono wa kufunga kitanzi, nao mikono walikuwa nayo.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tuliupokea uamuzi huo kwa furaha. Hata hivyo, tunawaelewa wazee wanaokunja uso wajukuu wao wanaporudi nyumbani wakisema 'shikamoo'. Hawaichukii lugha, ila masikio yao yanakumbuka kikapu.

Limebaki jambo moja juu ya mlembe. Mara nyingi Wahadza, wakisha kupata asali, huichoma nta au huifukia ardhini, ndege asipate kitu, abaki na njaa, aongoze tena. Wayao wa Niassa humwachia nta yake. Tulipolisimulia jambo hili katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja afundishaye kidato cha pili aliuliza kama mtoto wa Kampala anayefaulu mtihani wa Kiswahili, kisha asipate mtu wa kuzungumza naye wala kitabu cha kusoma, ameachiwa nta au imefukiwa. Kengele ililia kabla hatujamjibu.