Jirani wa Chini ya Mto

Yafaa tuulize kama mtu aweza kumkosea mwenziwe ambaye hatamwona kamwe. Dhambi ya kusogeza mpaka wa shamba twaijua, maana mwenye shamba twamjua kwa jina. Lakini katika vilima vya Kasulu na Kibondo, nchi ya Buha, maji ya vijito vingi huingia katika Malagarasi, nao mto huo hupita nchi ya majimaji, hupita Uvinza, hata kufika Ziwa Tanganyika. Atekaye maji huko chini hatumjui, wala yeye hatujui sisi. Je, huyo naye ni jirani?

Nabii Ezekieli aliwakemea kondoo wenye nguvu waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, wenzao wakabakiwa na tope. Msomaji na aangalie kwamba hawakukemewa kwa kunywa.

Katika jambo hili yuko shahidi mdogo, urefu wake kama pingili moja ya kidole. Ukiinua jiwe mahali maji yaendapo kasi, waweza kumkuta amejibana chini yake, bapa, wa rangi ya kahawia, mwenye miguu sita na mikia miwili. Yuko mdudu mwingine amfananaye, lakini huyo kwa kawaida ana mikia mitatu, na ukucha mmoja tu katika kila mguu. Huyu wetu ana kucha mbili. Waingereza na Wajerumani wamempa jina lenye neno jiwe ndani yake; nasi tumwite mdudu-mawe. Duniani zimehesabiwa aina zaidi ya 3,500, ila nyingi ni za nchi za baridi. Katika Afrika ya joto karibu wote ni wa ukoo mmoja uitwao Neoperla. Zamani wataalamu waliwadhania wengi wao kuwa aina moja. Walipochungua mayai yao na viungo vya madume, wakaona kumbe ni aina kadha wa kadha zilizofichwa chini ya jina moja.

Mdudu huyu huwinda vidudu wengine wa majini. Hupumua kwa matamvua laini yaliyo karibu na mashina ya miguu yake, kwa hiyo hawezi kuishi pasipo hewa nyingi ndani ya maji. Maji ya baridi ya digrii 10 huweza kushika kama miligramu 11 za oksijeni katika lita; yakifika digrii 30, hayashiki ila 7 na nusu hivi. Ukimtia katika chupa ya maji yaliyotulia, baada ya muda ataanza kujiinua na kujishusha kwa miguu yake, kama mtu anayejaribu kuondoka chini ya mzigo, ili maji yapite penye matamvua. Ni jambo la kuhuzunisha kulitazama. Basi miti ya kandokando ikikatwa, jua likapiga maji, na udongo wa shamba ukaziba nafasi chini ya mawe, yeye hutoweka kabla sisi hatujaona badiliko lo lote. Kwa sababu hiyo wapimaji wa mito wa Afrika Kusini humpa hesabu 12 katika kipimo kiendacho tangu 1 mpaka 15, na minyoo ya topeni humpata 1 tu. Mwaka 2015 kilitangazwa kipimo cha namna hiyo kwa mito ya Tanzania.

Wako wenyeji wasemao kwamba miti ilianza kupungua pale kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, kwa kuwa watu maelfu walihitaji kuni. Kuni zilihitajiwa kweli. Walakini ukipanda kijito kisicho na kambi, ukakuta mawe matupu chini ya shamba lako mwenyewe, utamshitaki nani?

Tena liko jambo la utupa. Majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni, samaki huelea, na vidudu wenye matamvua hufa pamoja nao. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu. Lakini mtu atasema, "Watoto wangu wana njaa leo, mdudu ni kitu gani?" Neno hili halifai kuchekwa. Twamjibu kwamba sumu ile huua na vifaranga vya samaki, yaani mboga ya mwaka ujao.

Hata hivyo jibu hilo ni la faida tu, nalo halitutoshi. Kama kijito kingeishia mchangani pasipo mtu wa kukinywa, ingekuwa halali kukitia sumu bure? Sisi twasema sivyo. Katika habari za kuumbwa kwa ulimwengu, viumbe wa majini waliumbwa siku ya tano, wakaitwa vyema, na mwanadamu alikuwa hajaumbwa bado. Wema wao basi haukungoja faida yetu.

Mto ulioharibiwa huweza kupona. Vidudu wachanga huchukuliwa na mkondo kutoka vijito vya juu, na waliokwisha kuota mabawa huruka usiku wakataga mayai majini. Lakini mdudu-mawe hukaa majini miezi mingi kabla ya kuota mabawa, na wale wa kuujaza mto tena hutoka hasa juu, kwenye chemchemi zilizosalia nzima. Nasi wa Buha ndio tukaao juu.