Je, Mwalimu Aweza Kufundisha Pori Asilolijua?

Katika shule nyingi somo huenda hivi: mwalimu aandika ubaoni, «Miti hulinda udongo, tusiikate ovyo.» Watoto waandika katika daftari, kisha warudi nyumbani, na mama awapa panga waende kutafuta kuni. Hapo yafaa tujiulize: mwalimu yule alikuwa na haki gani ya kusema «tusikate»? Maneno yake si ya uongo. Twauliza tu kama mtu aweza kuwaamuru wengine katika jambo ambalo yeye mwenyewe alilipokea kwa masikio, wala hakuligusa kwa mkono.

Kuna waalimu wanaofundishwa kwa njia nyingine. Huko Marekani, ndani ya Parki ya Great Smoky Mountains, kuna chuo kiitwacho Great Smoky Mountains Institute at Tremont, ambacho kimefanya kazi tangu mwaka 1969. Wanafunzi na waalimu hulala pale siku chache na kujifunza kwa mikono. Huhesabu salamanda, yaani wanyama wadogo wafananao na mijusi, wenye ngozi laini na yenye unyevu. Wengi wao hawana mapafu. Hupumua kwa ngozi. Basi kijito kikichafuka, au kivuli cha miti kikiondoka, wao huumia upesi. Mwalimu aliyemshika mmoja katika kiganja chenye maji hahitaji tena kukariri kwamba kivuli na kijito ni ndugu. Amekwisha kuona.

Lakini bonde lile lina fundisho la pili. Katika miaka ya 1920 na 1930 kampuni ya mbao ilikata miti yake mingi. Leo msitu umerudi. Wenye mashamba hawakurudi. Parki ilipoundwa, mwaka 1934, jamaa nyingi za wakulima zilikuwa zimeuza ardhi yao na kuhama, wengine bila kupenda. Na kabla yao, mwaka 1838, askari waliwafukuza Wacherokee wengi katika nchi ile. Mwalimu ajifunzaye pale kwa uaminifu atahesabu salamanda, tena atauliza: nani alilima hapa?

Sasa turudi kwetu. Parki ya Virunga iliundwa mwaka 1925, ikiitwa Parki Albert. Katika miaka ya 1970 ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000, kwa sababu ya risasi za majangili na za watu wa vita. Mtoto wa Vitshumbi aweza kusema, «Kiboko yanihusu nini? Mimi nala samaki.» Lakini kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana hunya majini. Mavi yake hulisha mimea midogo ya ziwa, na samaki wengi hupata chakula humo. Nyavu nyingi mno nazo zimepunguza samaki, hilo hatulifichi. Hata hivyo, anayeua kiboko agusa pia sahani ya mvuvi. Jambo hili mwalimu akilisoma tu, litakuwa sentensi moja ya mtihani. Akisimama ukingoni mwa Ziwa Edward, akasikiliza wavuvi wazee, akachota maji na kuyatazama, litakuwa ujuzi.

Wengine watatujibu: «Hayo ni mambo ya matajiri. Mwalimu wetu mshahara wake hautoshi, na vita vimefunga njia za parki.» Ni kweli. Lakini kugusa hakuanzi parkini. Atwae makasha mawili, ayainamishe kidogo. La kwanza alitie udongo wenye nyasi na majani makavu, la pili udongo mtupu wa njiani. Amwagie kila moja maji ya kopo moja. Chini ya lile la kwanza yatatoka maji polepole, yakiwa karibu safi. Chini ya lile la pili yatatoka matope upesi. Watoto wataona wenyewe shamba la baba likishuka mtoni.

Shida ya pili ni nzito kuliko hiyo. Baba achomaye makala katika msitu wa Virunga hafanyi hivyo kwa kuchukia miti; watoto wake wataka kula leo. Je, mwalimu atawaambia watoto hao kwamba baba yao ni mwizi? Twasema hapana. Ujuzi wa mikono haumpi mwalimu fimbo, humpa uangalifu. Aliyepima udongo ajua kwamba msitu ukiisha, mjukuu wa mchoma makala atakosa shamba na makala pia. Lakini aliyetembea vijiji vya mpakani ajua vilevile kwamba tembo huvunja mahindi ya mjane, na kwamba walinzi wa parki zaidi ya 200 wamekufa kazini, wakiacha nao wajane.

Basi kuna uongo wa namna mbili. Wa kwanza wasema kwamba parki haimwumizi mtu. Wa pili wasema kwamba pori likiharibika hakuna kinachopotea. Mwalimu wa ubaoni huangukia mmoja wao kwa urahisi, maana hakuona lolote. Mwalimu aliyegusa hawezi tena kuusema uongo wowote kati ya hiyo miwili, na hiyo ndiyo haki yake ya kufundisha.

Kwa hiyo, wazazi na wakubwa wa shule, mwalimu akiomba siku tatu aende porini na wenzake, msiseme kwamba aenda kutembea. Na mwalimu asiye na njia ya kufika Virunga, aanze kesho na kijito kilicho nyuma ya shule. Watoto wamfuate, kila mmoja na kopo lake.