Damu ya Jirani Mzima

Je, ni haki kumwomba mtu mzima damu yake, hali yeye haumwi wala hatapata dawa kwa kuitoa? Swali hili lilifika katika milango ya watu wa Makueni na Kitui mwaka 2004.

Mwaka huo wagonjwa waliletwa hospitalini macho yao yamegeuka manjano, na wengine matumbo yamevimba. Walikuwa wamekula mahindi yaliyoota ukungu, nao ukungu ule hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Hadi Julai 20, katika wilaya hizo na jirani zake, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 miongoni mwao wamekufa.

Katika msiba huo watafiti walichagua wagonjwa 40, pamoja na watu 80 wasio na ugonjwa. Wote waliulizwa jinsi walivyohifadhi mahindi yao, na damu na mahindi yao vikapimwa.

Mtu aweza kulaumu akisema, “Anayezama haulizwi aliingiaje majini, hutupiwa kamba.” Neno hili lina uzito, maana mgonjwa ana haki ya kutibiwa kabla ya kuhojiwa. Lakini kamba ya daktari ilikuwa fupi, kwa kuwa sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Na wakati huo huo watu wengine walikuwa wakiyaendea maji yale yale, kwani mahindi yalikuwa bado majumbani. Tena, kuwauliza wagonjwa peke yao kusingetosha. Wangesema walikula mahindi, na wazima nao walikula mahindi. Ilipasa wawili hao walinganishwe. Ndipo ilipobainika kwamba mahindi ya wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi, na kwamba waliohifadhi mahindi yangali na unyevu walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Hivyo damu ya mzima ilisaidia kufumbua fumbo la ugonjwa.

Hata hivyo, faida peke yake haihalalishi tendo. Mtoaji hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na awe huru kukataa bila kuchukiwa. Mgonjwa asicheleweshewe matibabu kwa ajili ya maswali. Zaidi ya yote, jibu lililopatikana lirudi kijijini. Mkulima aliyetoa damu yake, kisha asiambiwe kwamba mahindi yakaushwe vema kabla ya kuwekwa ghalani, amedhulumiwa, hata kama aliitoa kwa hiari.

Basi, msomaji, yule jirani mzima hakuwa na deni, lakini alipokubali aliwafanya wengine wawe wadeni wake. Mtafiti humlipa kwa kumrudishia ukweli, nasi twamlipa kwa kuufuata. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.