Mikono Kwenye Sinia

Hapa Nassa utasikia kwamba simu imeua mazungumzo ya wakati wa kula. Mimi nauliza: mazungumzo yapi? Kwenye shikome, moto wa jioni wa Wasukuma, wavulana walikula na baba zao, wakasikiliza. Wasichana walikuwa jikoni na mama zao. Mtoto kunyamaza akila hakukuanza na katuni.

Kilichopotea, nadhani, ni kingine. Ukila sinia moja na wenzako unaitazama mikono yao: nani amechelewa kutoka machungani, mdogo yupi anapitwa, kipande cha mwisho cha sato abakiziwe nani. Hayo jicho hujifunza lenyewe, bila kuhubiriwa. Mpwa wangu wa miaka mitatu ana sahani yake, na simu imeegemezwa kwenye jagi. Anameza matonge bila kujua kama ni sato au dagaa. Si mchoyo. Hana tu wa kumpisha.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Ushauri mzuri, ila hausemi nani akae na mtoto simu ikizimwa. Katika nyumba nyingi ninazozijua atakuwa mama, aliyetoka kwenye pamba na bado hajala. Kumnyang'anya mtoto simu ni kumwongezea mama zamu, huku sisi akina baba na wajomba tukisubiri kupakuliwa.